Nyumbani Kumebadilika, Fomu Haijui

Nilipoanza mwaka wa kwanza hapa Mbeya, mzee wangu alikuwa anaendesha lori la mbao, Mafinga kwenda Dar, Dar kurudi Mafinga. Kwenye fomu ya mkopo tuliandika mshahara wake kama ulivyokuwa, bila kupunguza hata mia. Nilipangiwa mkopo pungufu: fedha za chakula na malazi siyo kamili, ada hakuna. Sikulalamika. Ada ya kozi yangu ni 1,300,000 kwa mwaka, mzee alikuwa anailipa kwa awamu, na geto letu kule Iyunga tulikuwa tunachangia kodi wawili. Hesabu ilikuwa inakubali.

Iliacha kukubali mwaka wa pili, muhula wa kwanza. Tajiri wa mzee aliuza malori, madereva wakarudishwa nyumbani. Mzee akarudi Mufindi na begi lake na barua ya mistari minne. Mshahara ukawa sifuri. Mkopo wangu ukabaki vilevile.

Ninaandika kwa sababu ya hilo neno "vilevile". Najua siko peke yangu. Wapo wenzetu humu chuoni wanaolipwa mkopo wa familia ambayo haipo tena. Baba aliyeandikwa kwenye fomu kuwa mfanyakazi ameshapunguzwa kazini. Mama aliyeandikwa kuwa mfanyabiashara ana mwaka mzima yuko kitandani. Mwanafunzi anasaini bumu lake dogo, anakaa kimya, anapiga pasi ndefu mpaka jioni, halafu tunashangaa kwa nini ana supu tatu.

Tuelewane kwanza jinsi mambo yanavyokwenda. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Fedha hazitoshi kumpa kila mtu kila kitu, kwa hiyo lazima ipime nani ana uhitaji zaidi. Inapima kwa unachokiandika wakati wa kuomba: wazazi wako hai au la, wanafanya kazi gani, kuna mwenye ulemavu, kaya yenu ipo TASAF, sekondari ulisomeshwa na nani. Hiyo ni sawa na kupiga picha. Picha inaweza kuwa ya kweli kabisa siku ilipopigwa. Lakini shahada ni miaka mitatu, minne, wengine mitano, na familia haisimami pale ilipopigwa picha.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ndiyo haisimami kabisa. Wengi wetu tunasomeshwa na mahindi, viazi, mbao, chai na siku hizi parachichi. Mzazi anaweza kuwa na hela nzuri msimu huu, msimu ujao bei ya gunia ikaanguka akawa anadaiwa mbolea. Kibarua wa shamba la chai anaweza kuwa na kazi Januari na asiwe nayo Juni. Huyo ni mtu yuleyule na nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni kipato, na fomu haiwezi kujua mpaka uiambie.

Mimi sikuiambia.

Sababu ya kwanza ilikuwa aibu. Ya pili ilikuwa mzee mwenyewe. Nilimpigia simu nikamwambia, "Baba, wenzangu wanasema kuna rufaa, naweza kuandika kwamba kazi imeisha." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mambo ya nyumba yangu usiyapeleke kwenye makaratasi ya serikali. Sisi siyo ombaomba. Nitapata kazi nyingine." Ukishaambiwa hivyo na mzee wa Kihehe, huna la kuongeza. Nilijibu, "Sawa, baba," nikakata simu.

Kazi nyingine haikupatikana. Mitihani ikakaribia, na asiyemaliza ada hapati kibali cha kuingia kwenye chumba cha mtihani. Ndipo nyumbani wakauza miti. Wanaotoka Mufindi watanielewa. Ile ekari moja ya misindano ndiyo benki ya familia. Unapanda, unapalilia, unailinda na moto, unasubiri miaka zaidi ya kumi. Yetu ilikuwa na miaka sita. Mnunuzi akijua una haraka, anataja bei akiwa ameshawasha pikipiki yake. Nilifanya mitihani ile kwa hela ya miti ambayo haikuwa imekomaa, na ambayo ilikuwa imepandwa kwa ajili ya mdogo wangu.

Nilipopata akili ya kwenda kwenye dawati la mikopo, dirisha la rufaa lilikuwa limefungwa siku tatu kabla. Hapo simlaumu mtu. Tangazo lilikuwepo ubaoni, nililipita kila siku nikienda darasani. Nilikuwa nasoma vichwa vya habari vya mpira tu.

Mwaka wa tatu ndiyo nikakata rufaa. Safari hii mzee alikubali, kwa shingo upande. Mtendaji wa kijiji aliandika barua kwamba "familia tajwa haina uwezo na inaomba msaada". Nikaona nimemaliza. Afisa aliyeipokea ile barua akaisoma mara mbili, akaniambia maneno ambayo ningependa kila mwanafunzi ayasikie: "Mdogo wangu, hii inasema una shida. Kila barua ninayopokea inasema mtu ana shida. Haisemi nini kimebadilika."

Nikarudi nyumbani wikiendi hiyo. Tukatafuta ile barua ya mistari minne, mama alikuwa ameihifadhi kwenye Biblia. Mtendaji akaandika upya: kazi gani, iliisha tarehe ngapi, kipato kabla, kipato baada ya hapo, watoto wangapi wanasoma. Hakukuwa na neno "msaada". Nikaiambatisha kwenye rufaa. Mkopo ukaongezeka, nikapangiwa na sehemu ya ada. Haikuwa yote, na miti haikurudi. Lakini mwaka ule nilisoma nikiwa nimekula.

Sasa nina maneno kwa pande tatu.

La kwanza ni kwetu wanafunzi. Acheni aibu, kwa sababu hesabu yake haiko sawa. Ule ni mkopo. Ukiajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Ndivyo sheria inavyosema tangu marekebisho ya 2016, na ahueni tuliyopata 2021 ni kuondolewa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani. Deni lenyewe liko palepale. Mtu anayekopa kwa ahadi ya kulipa hawezi kuitwa ombaomba. Anayekata rufaa kwa sababu baba yake hana kazi tena anasahihisha takwimu. Kwa kiwango kamili cha 10,000 kwa siku, siku 60 ni 600,000. Kama stahili yako ni hiyo na wewe unasaini nusu yake kwa miezi na miezi kwa sababu hutaki watu wajue, hiyo aibu ni ya gharama kubwa, na anayeilipia kwa kawaida ni mama na wadogo zako.

Na andaeni karatasi mapema, kwa sababu kila karatasi ina safari yake. Rafiki yangu mmoja anasoma Iringa, kwao ni Kilolo. Mama yake alifariki akiwa mwaka wa kwanza. Kaya yao ilikuwa kwenye mpango wa TASAF, na mama ndiye aliyeandikwa kuwa mpokeaji. Wiki chache baada ya mazishi alikuwa na mambo mawili ya kufuatilia akiwa bado analia: jina la mpokeaji libadilishwe kule kijijini, na kifo kisajiliwe, cheti kitoke na kihakikiwe na RITA ndipo kitumike kwenye mkopo. Familia ilikuwa haijasajili kifo. Nani anakumbuka usajili siku ya msiba? Dirisha likafunguliwa, yeye bado anapanda magari ya Kilolo kwenda na kurudi. Alikuwa mwenye sifa kuliko wengi wetu, na alikosa kwa sababu ya karatasi moja. Alisubiri mpaka mwaka uliofuata.

La pili ni kwa serikali yetu ya wanafunzi. Tunaye Waziri wa Mikopo, tunampigia kura, tunamwona zaidi bumu likichelewa. Maandamano ya bumu yana kelele kwa sababu yanatugusa wote siku moja. Huyu aliyepungukiwa kimya kimya hana wa kuandamana naye. Naomba jambo dogo lisilohitaji bajeti: kila mwanzo wa muhula, wawakilishi wa madarasa watangaze swali moja, "Kuna mtu nyumbani kwao kumebadilika?" Atakayekuja asiulizwe mbele za watu. Asaidiwe kuandika barua inayotaja tarehe mbili na kipato cha aina mbili, kabla na baada. Aambiwe karatasi zipi zinachukua muda. Dirisha likifunguliwa awe anajaza, badala ya kuanza kutafuta nauli ya kwenda kwa mtendaji.

La tatu ni kwa Bodi na watunga sera. Dirisha la rufaa ni jambo zuri, lakini ajali za maisha hazisubiri dirisha. Uingereza wana utaratibu ambao tunaweza kujifunza: wao pia hupima kwa kipato cha nyuma, lakini familia ikitarajia kipato cha mwaka huu kuwa pungufu kwa angalau asilimia 15, mwanafunzi anaruhusiwa kuomba apimwe kwa kipato cha sasa. Jirani zetu Kenya walipoanza mwaka 2023 kuwapanga wanafunzi kwenye makundi ya uhitaji, kelele kubwa ilikuwa ya wale waliojikuta kwenye kundi lisilofanana na hali ya kwao. Kupima ni kugumu kila mahali. Kwa hiyo kuwe na mlango wa kudumu wa tukio linalothibitika: kifo, kuachishwa kazi, ugonjwa mkubwa. Mwanafunzi aambatishe ushahidi mwezi huohuo, apimwe upya, bumu linalofuata liakisi hali yake.

Najua jibu litakuwa nini. "Mtadanganya." Ni kweli, wapo. Tunawajua watu waliowafisha wazazi wao kwenye karatasi, na wanaopata barua za umaskini huku wakiendesha gari la nyumbani wakati wa likizo. Kila anayefanya hivyo anakula chakula cha mtu kama yule rafiki yangu wa Kilolo. Lakini dawa ya uongo ni uhakiki, na uhakiki ni rahisi zaidi kwa tukio lenye tarehe kuliko kwa maneno ya jumla kama "hana uwezo".

Halafu tuwe wakweli mpaka mwisho. Kama tunataka mkopo upande kipato kikishuka, basi tukubali pia ushuke kipato kikipanda. Nina mwenzangu ambaye baba yake alikuwa hana kazi alipoomba, sasa ana cheo na nyumba ya serikali, na mkopo ni asilimia 100. Nilipomuuliza alicheka, "Wewe, kaa kimya." Alikuwa ananiambia kilekile alichoniambia baba yangu, kwa sababu tofauti. Mmoja alinyamaza kwa aibu, mwingine ananyamaza kwa faida, na kwenye mfuko ule mmoja wote wawili wanamnyima mtu wa tatu.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita na tulikuwa tunajiandaa kujaza fomu yake. Mzee siku hizi anaendesha bodaboda pale Mafinga, siyo yake, analeta hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni. Tulipofika kwenye kazi ya mzazi, mdogo wangu akasita, akaniangalia mimi, akamwangalia baba.

Mzee akasema, "Andika bodaboda."

Halafu, baada ya kufikiri kidogo: "Andika na tarehe niliyoanza. Kaka yako anasema wanataka tarehe."