Muda wa Saa Mbili Hautoshi

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimpa mtu aliyetangaza jambo lililokatazwa saa 12 za kuliondoa, akiisha kuarifiwa. Asipoliondoa, akaunti yake isimamishwe au ifungwe. Kanuni za mwaka 2020 zikazipunguza saa hizo hata zikawa 2.

Hatumtetei mzushi wala mtukanaji. Lakini mkulima wa Maposeni aliyeamkia shamba la mahindi, na simu kaiacha nyumbani, onyo litamfikiaje? Arudipo jioni hukumu imekwisha pita, na wanunuzi wake hawampati tena.

Katiba, ibara ya 13(6)(a), yampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, mbele ya mahakama au chombo kinginecho kinachoamua haki zake. Twaiomba Serikali iurefushe muda huo, walau siku moja nzima.