Difu ilikuwa nzima: kagua sivi jointi kabla hujatoa hela ya duka

Leo siongelei bei ya sukari wala wateja wa mkopo. Naongelea gari, maana wengi wetu tukipata kafaida kidogo tunakimbilia gari, halafu gari inarudi kula duka.

Nina duka la rejareja hapa Magoma. Shule niliishia form four, ufundi sijasomea, haya nimeyajua kwa kuumia. Mwaka jana nilinunua Altezza ya mkononi. Nilijiambia itanibebea mzigo kutoka Korogwe mjini, ila kiukweli niliipendea rimu na mlio wa ekzosi. Jamaa yangu mmoja akanisaidia kuikagua. Akakata usukani mpaka mwisho, akazunguka uwanjani kulia na kushoto, akasema, "Dogo, haigongi, sivi jointi nzima." Nikalipa.

Kosa lilikuwa hapo. Kile kipimo ni cha gari zinazovutwa na tairi za mbele, kama Spacio. Zile, sivi jointi ya nje ikiisha, ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta unasikia ka-ka-ka-ka. Altezza inasukumwa na tairi za nyuma. Sivi jointi zake ziko kati ya difu na tairi, na tairi za nyuma hazikati kona. Utazunguka uwanja mpaka jioni usisikie kitu.

Yangu ilianza na "tok" nikiondoka, na "tok" nyingine nikiachia mafuta na kukanyaga tena. Baadaye ukaja mtetemo nikiongeza mwendo, nikiachia unapungua. Fundi wa kwanza akasema difu. Nikanunua difu ya mtumba kwa hela ya oda nzima ya sukari na mafuta ya kula. Wiki mbili rafu ziko wazi, wateja wanahamia kwa jirani, na mlio uko palepale.

Fundi wa pili hakufungua kitu. Aliingia chini na tochi. Mpira wa sivi jointi ya ndani umechanika, grisi imerukia chini ya bodi. Sivi jointi inaishi kwa grisi. Mpira ukichanika grisi inatoka, vumbi na maji vinaingia, vyuma vinasagana.

Kwa hiyo, kabla hujalipa:

1. Ingia chini na tochi, kagua mipira yote minne, miwili kila upande. Ukiona ufa au grisi imetapakaa, punguza bei au ondoka.

2. Endesha mwenyewe kwenye barabara iliyonyooka. Kanyaga, achia, kanyaga tena. Sikiliza "tok" na mtetemo. Ila propela na raba za difu nazo hugonga hivyo, usihukumu kwa sikio peke yake.

3. Uvumo unaopanda na mwendo hata ukiwa umeachia mafuta, mara nyingi ni beringi ya tairi.

4. Nyuma inyanyuliwe kwenye stendi, siyo jeki tupu. Injini imezimwa, tairi za mbele zimewekewa mawe. Shika shafti uizungushe kwa mkono huku na huku. Shafti ikicheza kabla kikombe cha jointi hakijafuata, jointi imeisha. Vikizunguka kidogo kwa pamoja, huo ni mchezo wa kawaida wa difu. Linganisha kushoto na kulia.

Kuna watakaosema mfanyabiashara siyo fundi, kila mtu na kazi yake. Mimi sikubali. Gunia la mchele hatulilipii bila kulipima, tena tunatia mkono ndani kuangalia kama lina chuya. Iweje gari tulipie kwa kusikiliza ekzosi? Sikwambii ufungue difu mwenyewe. Nakwambia fundi akuonyeshe ubovu kwa macho yako kabla hujanunua spea. Akishindwa kukuonyesha, naye anabahatisha, na anabahatisha kwa mtaji wako.

Mpira ukiwahiwa, jointi inasafishwa, inawekwa grisi mpya, maisha yanaendelea. Ukichelewa unanunua shafti. Ukikosea kama mimi, unanunua na difu usiyoihitaji.

Ile difu ya zamani bado iko stoo, nzima kabisa. Kila nikiingia kuchukua sabuni naiona.

Nawasilisha.