Takwimu Wazi Hazitoshi: Nguvu ya Mwananchi Iko Mkutanoni

Katika mijadala ya miji janja, kuanzia Nairobi hadi Dodoma, kuna imani inayorudiwa bila kuhojiwa: fungua takwimu, mwananchi atapata nguvu. Bajeti, ramani na orodha ya visima zikishawekwa kwenye tovuti, raia atasoma, atauliza, na kiongozi atawajibika. Naipinga imani hiyo. Takwimu wazi ni jambo jema na nitaitetea haki ya kuzipata. Kosa ni kudhani kwamba mwananchi ananyamaza kwa sababu hajui. Mara nyingi anajua vizuri sana. Anachokosa ni mahali ambapo akiuliza, mwenye dhamana halazimiki tu kumsikiliza, analazimika pia kumjibu.

Tuitazame Gairo, makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, katika barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Kwa miaka mingi kero kubwa ya mji huu imekuwa chumvi katika maji ya visima. Mama anayechota maji hayo hahitaji jedwali la kumweleza yana ladha gani, wala ramani ya kumwonyesha pampu ipi imekufa. Mwenye macho haambiwi tazama. Asichokijua ni fedha za matengenezo zimeishia wapi, nani aliidhinisha, na fundi atafika lini. Hata hayo akiyasoma kwenye simu, bado atabaki na swali lile lile: nimwambie nani, na asipojibu nifanye nini?

Tanzania imekwisha kuijaribu imani hii. Wizara ya Maji iliorodhesha vituo vya maji vya umma zaidi ya 65,000 vijijini na kukuta takriban asilimia 40 havifanyi kazi. Ilikuwa kazi kubwa na ya manufaa kwa wapanga mipango, lakini kuorodheshwa hakukufufua pampu. Shirika la Daraja nalo lilianzisha mradi wa Maji Matone, ambao uliwaomba wananchi watume ujumbe mfupi wa simu kueleza hali ya vituo vyao, ili taarifa hizo zifike serikalini na kwenye vyombo vya habari. Lengo lilikuwa ujumbe 3,000, ulipatikana 53. Mwaka 2011 Daraja lilikiri hadharani kwamba mradi haukufaulu, na uungwana huo unastahili heshima. Kati ya sababu zilizotajwa, mbili zinatosha kutufundisha: wachotaji wengi ni wanawake na watoto ambao simu haikuwa mikononi mwao, na watu hawakuamini kwamba kuna atakayechukua hatua.

Ushahidi wa majirani unaelekea huko huko. Nchini Kenya, watafiti waliwapa wazazi wa vijijini matokeo ya majaribio ya kusoma na kuhesabu ya watoto wao, wakitarajia wataibana shule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha badiliko la maana katika mwenendo wa wazazi. Nchini Uganda ilikuwa tofauti. Wanavijiji walipewa takwimu za zahanati yao, kisha wakaketi na watumishi wa zahanati hiyo kukubaliana nani atafanya nini. Utafiti wa mwaka 2009 ukaonyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33. Mikutano ya aina hiyo ilipofanyika bila takwimu, haikuzaa matunda. Ni haki kusema pia kwamba jaribio kubwa zaidi lililofuata Uganda halikupata upungufu kama huo wa vifo. Kwangu hilo lina maana moja: namba na kikao vinahitajiana, na hata vikikutana, lazima nyuma yake kuwe na mamlaka ya kumbana anayepuuza.

Wapo watakaosema kwamba simu janja zinaenea, hivyo tatizo litajimaliza. Lakini Maji Matone ilitumia ujumbe mfupi, ambao simu ya kawaida kabisa huutuma; imani ya kujibiwa hainunuliwi pamoja na simu. Wengine watasema mikutano ya vijiji hutekwa na wenye sauti kubwa, au haiitishwi kabisa. Hoja hiyo ni nzito na ni ya kweli. Hata hivyo tovuti nayo hutekwa na wenye intaneti, elimu na muda, tena ni rahisi kuifunga. Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi mwaka 2011, ikajitoa mwaka 2017. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopinga zile rasmi, na mwaka 2019 ikalegezwa. Kilichotolewa kwa hisani huondolewa kwa hisani.

Mkutano mkuu wa kijiji hautokani na hisani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautambua kuwa chombo cha watu wazima wote wa kijiji, na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa. Sheria hizi mbili zikishikana mkono, Gairo haihitaji kusubiri kuitwa mji janja. Kila robo mwaka chombo cha watumia maji kisome mapato na matumizi yake mbele ya wanakijiji, kwa Kiswahili, na karatasi ibandikwe ubaoni. Maswali yaandikwe kwenye muhtasari, diwani ayapeleke kwenye baraza la halmashauri, na mkutano unaofuata uanze kwa kusoma majibu. Mwenyekiti asiyeitisha mkutano achukuliwe hatua kama aliyetafuna fedha, kwa sababu ameficha kile kile ambacho mwizi huficha. Tovuti ya takwimu iwepo kumsaidia anayesimama kuuliza, na thamani yake ipimwe kwa maswali yaliyojibiwa, wala si kwa idadi ya majedwali yaliyopakiwa.