Akeani Haikuwa Ziwa la Moto

Eoni ya Akeani, iliyoanza miaka bilioni 4 iliyopita na kukoma bilioni 2.5 iliyopita, imesingiziwa mengi. Kubwa ni kwamba dunia nzima ilikuwa lava tupu. Joto la ndani lilizidi la leo, sikatai: lava ya komatiiti, iliyopewa jina la mto Komati wa kusini mwa Afrika, ilimwagika ikiwa na nyuzi 1,600 hivi za selsiasi. Lakini milima ya Barberton, jirani na mto huohuo, ina lava ya zaidi ya miaka bilioni 3.2 iliyoganda kwa mafungu ya mviringo, moja juu ya jingine kama magunia ghalani. Lava hupata umbo hilo ikitokea chini ya maji. Bahari ilikuwapo.

Basi iliganda, wanasema wengine, maana jua lilikuwa hafifu. Kweli, mwanzoni mwanga wake ulipungua kwa karibu robo. Ila gesi kama kabonidayoksaidi na methani ziliizingira dunia na kuitunzia joto.

Dai linaloniudhi hasa ni kwamba hapakuwa na uhai. Huko Pilbara, Australia Magharibi, mna miamba ya miaka bilioni 3.43 yenye tabaka nyembamba zilizopinda na kuchongoka, kazi ya utando wa bakteria. Wapo waliosema ni kemia tu. Mwaka 2006 Abigail Allwood na wenzake walieleza maumbo 7 tofauti, yaliyotandaa kilomita 10 kwenye kilichokuwa ufuo. Kemia tupu haijengi hivyo. Wanyama hawakuwapo, wala oksijeni hewani. Lakini kumwita bakteria si kitu ni kumdharau babu.

Eti hayo ni ya mbali, hayatuhusu. Mawe ya itale yanayobebana Mwanza ni ya Akeani. Geita, dhahabu nyingi imo katika mwamba wa mistari, mwekundu kwa mweusi. Chuma chake kiliyeyuka baharini kwa kuwa oksijeni ilikosekana, kisha kikatuama sakafuni, tabaka kwa tabaka. Chukua kipande, sogeza sumaku kwenye mstari mweusi. Itanasa.