Ugomvi wa Sikukuu Hupikwa Siku Nyingi

Wako watu wasemao kwamba senema za Kiarabu hutia chumvi mno. Eti kila jamaa wakikutanika siku kuu, lazima ugomvi uzuke mbele ya sinia, na huko ni kuwavunjia wazee heshima. Mimi sikubaliani nao. Ugomvi wa sikukuu hupikwa mwaka mzima. Sikukuu hupakua tu.

Chukua filamu ya Misri ya mwaka 1964, Bayn al-Qasrayn, iliyoongozwa na Hassan al-Imam kutokana na riwaya ya Naguib Mahfouz. Staftahi ya siku ya kawaida yatosha kutueleza habari za nyumba ile. Baba, aliyechezwa na Yehia Chahine, hula na wanawe wa kiume. Mama, Amina, husimama kando akingoja kutumwa. Hakuna apazaye sauti. Baba huyo huyo usiku huenda kustarehe na waimbaji. Lakini Amina akitoka siku moja tu, mume akiwa safarini, kwenda kuzuru msikiti wa Husein, anagongwa na gari. Na akiisha kupona, mume anamfukuza. Je, jamaa kama hao wakiketi pamoja siku ya Idi, amani yao itatoka wapi?

Mwaka 1972 Hussein Kamal alituonyesha nyumba ya namna nyingine katika Imbratoriyat Mim. Watoto sita wa mjane, aliyechezwa na Faten Hamama, wanadai uchaguzi humo nyumbani. Kura zinapigwa, na mama anashinda. Wengine watauita huo utovu wa adabu. Kwa maoni yangu, heshima ya mama huyo ni kubwa kuliko ya yule baba, kwani yake alipewa kwa hiari.

Katika Wajib ya Annemarie Jacir, ya mwaka 2017, ni wakati wa Krismasi mjini Nazareth. Baba na mwanawe wanapeleka kadi za arusi ya binti nyumba kwa nyumba, kama desturi itakavyo. Kila waingiapo hukaribishwa, nao hupokea kahawa kwa tabasamu. Wakirudi garini, wanagombana: juu ya mama aliyewaacha zamani, juu ya kijana kuhamia Italia, na juu ya Mwisraeli ambaye baba ataka kumwalika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wageni wenyewe hawakupona. Walinyamaza tu hadi mlango ulipofungwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utazamapo filamu ya namna hii, usiharakishe kumlaumu aliyepindua sinia. Uliza kwanza ni nani amekuwa akisimama siku zote wenziwe wakila.