Si mtaa wa matajiri pekee

Mwandishi, katika makala yako umelieleza jimbo la Westlands, Nairobi, kana kwamba ni mitaa ya matajiri ya Runda na Kitisuru tu. Kangemi, iliyo humo humo, umeiacha wapi? Wenye mageti ya umeme hawapangi foleni alfajiri siku ya kura. Wa Kangemi wanapanga, na mwanasiasa yeyote wa Nairobi analijua hilo.

Mwaka 1992 upinzani ulifagia Nairobi, chama tawala cha KANU kikabaki na kiti kimoja tu cha ubunge: hicho hicho cha Westlands, cha Amin Walji. Akaja Fred Gumo, na hapo ndipo utamu. KANU mwaka 1997, NARC 2002, ODM 2007: chama kinabadilika, Gumo yuleyule! Tim Wanyonyi alimrithi 2013. Mwaka 2022 aliutaka ugavana, akaombwa ampishe Polycarp Igathe, akarudi Westlands na kumshinda wakili Nelson Havi wa UDA.

Sisi huku Kisegi, jimbo la Suba Kusini, tumezoea kinyume chake: chama ni kilekile, vita vyote viko kwenye mchujo wa chama. Mbunge wetu wa zamani John Mbadi aliwakilisha Gwassi, kisha Suba Kusini, akiwa ODM tu. Tafadhali, makala ijayo utuwekee kura za Kangemi kando na za Kitisuru.