Maji Ni ya Mungu, Lakini Tiyo Ni Yetu



Mara nyingi mama anafika hospitalini na mtoto aliyehara siku tatu. Macho ya mtoto yameingia ndani. Ukivuta ngozi ya tumbo lake, hairudi upesi. Analia, lakini machozi hayatoki. Tunampa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Kama hawezi kunywa, tunamtilia maji katika mshipa. Nyuma ya siku chache mtoto anacheza, na mama anarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Lakini anarudi kwa maji gani? Anarudi kwa kijito kilekile. Kama kijito hakikubadilika, tutamwona tena.

Leo sitaki kuwaambia tu, “Chemsheni maji.” Neno hilo mmelisikia, nalo ni la kweli, mlifuate. Nataka kusema neno lingine ambalo halitawapendeza watu wote. Kijiji kinachotaka maji mazuri kinapashwa kutoa feza kwa kuyatunza, kila mwezi, hata wakati kitu hakijaharibika.

Najua mtajibu namna gani. “Maji ni ya Mungu. Mungu hauzi mvua. Sababu gani mtutoze franga?” Ni kweli, Mungu anatoa maji bure. Lakini tiyo ilitoka kiwandani, simenti ilitoka dukani, na robine inachakaa kwa kuguswa na mikono mingi kila siku. Mungu anaotesha muhogo vilevile, lakini jembe tunalinunua, na likiisha tunanunua lingine. Sijasikia mtu akisema kwamba jembe ni la Mungu, basi Mungu alilete lingine.

DAWA PEKE YAKE HAISHINDI MAJI MABAYA

Kumbukeni Goma. Katika mwezi wa Julai 1994 watu mamia ya maelfu walikimbia kutoka Rwanda, wakaingia Kivu ya Kaskazini kwa siku chache tu. Mahali pale pana mawe ya volkano. Kuchimba kisima au choo ni kazi ngumu sana. Watu walikunywa maji ya ziwa bila kuyasafisha. Kipindupindu kiliingia, na kuhara damu nyuma yake. Katika mwezi ule wa kwanza tu watu karibu 50.000 walikufa. Waganga walikuja kutoka inchi nyingi, na dawa zililetwa kwa ndege. Lakini hakuna mganga anayeweza kukimbia upesi kuliko maji machafu.

Ninasema hili mimi mfanyakazi wa hospitali. Kama mngetuuliza tuchague kati ya kupata vitanda kumi vipya au chemchemi moja inayotunzwa vizuri, ningechagua chemchemi.

CHEMCHEMI INAJENGWA NAMNA GANI

Maji ya chemchemi yamepita katika mchanga na udongo, na udongo umeyachuja. Mara nyingi yanatoka safi katika jicho lake. Tunayachafua sisi pale yanapotokea, kwa miguu yetu, kwa mbuzi na ng’ombe, na kwa maji ya mvua yanayoshuka na uchafu wa kilimani.

Basi fundi anachimba mpaka jicho lenyewe, afikie udongo mgumu usiopitisha maji. Anajaza pale mawe safi na changarawe. Juu yake anafunika kwa plastiki na udongo wa mfinyanzi, kusudi maji ya juu yasiingie. Mbele anajenga ukuta wa mawe na simenti, na katika ukuta anaweka tiyo kwa kimo kinachopita bido kidogo. Upande wa juu anachimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua, na kuzunguka pale kunajengwa ua. Upande wa chini anachimba mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika. Choo kisijengwe upande wa juu, wala karibu kuliko metre 30. Kaliptusi nazo zisipandwe karibu, kwa maana zinakunywa maji mengi sana.

Kazi hii si ya wazungu wala ya watu wa mji. Fundi wa kijiji aliyefundishwa anaiweza, na anaweza kuitengeneza vilevile. Lakini angalieni. Ufa mdogo ukiingia katika ukuta na mtu asiuzibe, maji yanatafuta njia ya kando. Mvua ya mwaka wa pili inaongeza njia ile. Kisha siku moja maji yanapita nyuma ya ukuta, na tiyo inabaki kavu. Kilichokosekana kilikuwa ndoo moja ya simenti na asubuhi moja ya kazi.

SABABU GANI VINAHARIBIKA?

Hapa Kongo, tangu mwaka 1947, serikali ya Wabelgiji ilikuwa na mfuko ulioitwa Fonds du Bien-Être Indigène. Mfuko ule ulijenga visima na chemchemi katika vijiji. Mfuko haupo tena. Kisha Umoja wa Mataifa uliita miaka 1981 mpaka 1990 kuwa miaka kumi ya maji ya kunywa, na pompi nyingi za mkono zilipelekwa katika inchi za Afrika. Lakini mwaka 2009 watu wanaoshughulika na kazi hiyo walikadiri kwamba, katika Afrika kusini ya jangwa la Sahara, karibu pompi moja kwa kila tatu haikutoa maji. Watu walijua kujenga. Kutunza kukabaki nyuma.

Hapa nisiwalaumu wanakijiji peke yao. Ndani ya pompi mna raba inayovuta maji, na raba inachakaa. Bei yake si kubwa. Lakini ikiwa duka linaloiuza liko mbali, safari ya siku nyingi kwa barabara mbaya, bei ndogo inakuwa kubwa. Wengine walileta pompi, wakapiga picha, wakakata utepe, wakaenda zao. Hawakusema raba inapatikana wapi, wala hawakufundisha mtu hata mmoja kuibadilisha.

Kwa hiyo, mtu akija kuwapa maji, mpokeeni kwa heshima, lakini mbele ya kupokea mwulizeni maneno matatu. La kwanza, kitu hiki kikivunjika, vipande vyake vinauzwa wapi? La pili, nani katika kijiji chetu atafundishwa kukitengeneza? La tatu, kwa mwaka kitatugharimu franga ngapi? Asipoweza kujibu, mwambieni afikiri tena kwanza. Na kama kijiji kina chemchemi ya kweli, mimi naona ni afadhali chemchemi iliyojengwa vizuri kuliko pompi ambayo vipande vyake vinatoka mbali.

Tena sheria ya maji ya inchi yetu, ya tarehe 31 Desemba 2015, imewapa wakubwa wa jimbo na wa mahali kazi katika maneno ya maji. Basi si utukutu kwenda kwao na kuuliza. Kuna kazi zinazopita nguvu za kijiji, kama tanki kubwa au tiyo ya kilometre nyingi. Lakini mtakapokwenda, mwende na kitabu cha hesabu yenu mkononi. Anayetunza kidogo anasikilizwa anapoomba kikubwa.

SANDUKU LA MFALME YOASI

Somo la feza hizi liko katika Biblia, Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Nyumba ya Bwana ilikuwa na mabomoko. Mfalme Yoasi aliwaagiza makuhani wapokee feza na kuitengeneza. Feza ziliingia. Lakini mpaka mwaka wa 23 wa ufalme wake mabomoko yalikuwa palepale. Ndipo Yehoyada kuhani alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na mazabahu.

Tazameni hekima yake. Sanduku liliwekwa mahali pa wazi, si chini ya kitanda cha mtu. Tundu lilikuwa la kuingiza feza, si la kuzitoa. Wakati wa kuhesabu, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, watu wawili wa nyumba mbili. Na feza zile zilikwenda kwa maseremala, waashi, miti na mawe. Hazikutumiwa kwa kufanya hata bakuli za feza za hekalu, ijapokuwa bakuli ni kitu kizuri.

Basi feza za maji zisiazimwe kwa matanga, wala kwa arusi, wala kwa mkutano wa kanisa. Najua neno hili ni gumu, kwa maana sisi viongozi wa kanisa tunapenda kusema, “Tutazirudisha.” Tuache sanduku la maji lifanye kazi ya maji.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Tuseme kijiji kina nyumba 60, na kila nyumba inatoa franga 500 kwa mwezi. Ni franga 30.000 kwa mwezi, na 360.000 kwa mwaka. Zinatosha kununua robine, simenti kidogo, na kumshukuru fundi. Mjane au mzee asiyekuwa na kitu, komite ipatane juu yake mapema, achote bure bila kuaibishwa. Na kila miezi mitatu hesabu isomwe mbele ya watu wote, kwa sauti.

NANI ASHIKE SANDUKU?

Nani anajua wa kwanza kwamba maji yamepungua? Si mzee anayeketi kivulini. Ni mama aliyeamka mbele ya jua, mwenye kamba juu ya kipaji cha uso na bido ya kilo 20 mgongoni. Lakini komite ikichaguliwa, mara nyingi majina yote ni ya wanaume, na mama anaitwa siku ya kufagia tu. Hii haifai. Anayebeba mzigo ndiye anayejua thamani yake. Mimi nasema ufunguo mmoja wa sanduku uwe kwa mama, na kalamu ya hesabu iwe kwa mama vilevile, kama yuko anayejua kuandika.

Tena chemchemi isiitwe ya Waprotestanti. Mkatoliki anywe, Mwislamu anywe, asiyesali anywe. Bwana Yesu mwenyewe alimwomba mwanamke Msamaria maji, naye hakumwuliza kwanza anasali wapi. Kipindupindu nacho hakiulizi. Kama jirani yako anakunywa maji machafu, mtoto wako hayuko salama.

KAZI YA JUMA HILI

Abrahamu alichimba visima, na Wafilisti wakavifukia. Isaka mwanawe hakukaa kungojea mchimbaji mwingine. Alivichimba tena. Habari yake iko katika Mwanzo, sura ya 26. Vijiji vingi vina ukuta wa zamani wa chemchemi, umefunikwa na majani, tiyo imeziba. Hicho ndicho kisima cha baba yenu.

Juma hili, mkirudi nyumbani, fanyeni hivi. Nendeni kwenye chemchemi yenu, wanaume na wamama pamoja, na chefu akikubali aje. Fagieni mfereji wa juu. Zungukeni ukuta mkitafuta ufa. Andikeni kinachokosekana. Kisha mbele ya kutawanyika, chagueni wawili wa kuhesabu, na seremala atengeneze sanduku lenye tundu.

Bwana awape moyo mmoja na mikono ya kazi. Nasi hapa hospitalini tutafurahi tukiona vitanda vya watoto vikibaki vitupu.